Unga wa mkunazi kichwani: mwaka mmoja na nusu bila shampuu

Wifi yangu alikuja Magomeni Jumapili moja mchana. Akanikumbatia mlangoni, akavuta pumzi juu ya kichwa changu, kisha akajitoa taratibu.

"Wifi, kuna msiba sijaambiwa?"

Nikamwambia hakuna, karibu ndani, pilau ipo. Akabaki palepale kizingitini. "Mbona unanukia maiti?"

Sikukasirika. Nilikuwa nimetoka kuosha nywele kwa majani ya mkunazi, na kwa mtu aliyelelewa Pwani harufu ile ina kazi moja tu. Majani hayo ndiyo yanayotwangwa na kutiwa kwenye maji ya kuoshea maiti, kabla ya maji ya mwisho yenye kafuri. Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, alikuwa mwosha. Akigongewa alfajiri alipitia kwanza nyuma ya nyumba, akachuma majani ya mkunazi akayatia kwenye kikapu, ndipo akatoka. Sisi wajukuu tulizijua kunazi za mti ule, na miba yake tuliijua zaidi. Majani hatukuyagusa. Watu wakimtania kwa kazi yake alikuwa akijibu "mwosha huoshwa", akaendelea kutafuna tambuu.

Basi mimi ndiye niliyeyatoa majani yale kwenye kikapu cha bibi nikayapeleka bafuni kwangu. Nina mwaka mmoja na nusu sasa. Nimemaliza paketi saba za unga wake, na kabla ya hizo saba kulikuwa na moja niliyoitupa jaani kwa hasira, nitaieleza.

Niliwekwa dawa ya nywele mara ya kwanza mwaka 1997, nilipomaliza kidato cha nne, kwenye saluni ya uani kwa jirani. Wanawake wa rika langu wanaijua ile shughuli. Unapakwa mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso na masikio, dawa inashuka, unaambiwa ukisikia inachoma sema. Ukisema, unaambiwa vumilia kidogo ishike. Baadhi ya dawa hizo zina soda kali, kitu kilekile kinachozibulia masinki, ila kimepimwa. Nyingine huandikwa kwa fahari kwamba hazina soda kali, na nyingi kati ya hizo zinatumia chokaa, ambayo nayo si mchezo. Nimepakwa zote kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na juu yake rasta za kuvutwa mpaka nyusi zinapanda. Nywele za pembeni zikaanza kuondoka bila kuaga.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kuinama, na mteja anayesimama mbele ya meza anauona utosi wangu kuliko uso. Siku moja binti aliyeleta kitambaa cha sare ya harusi akaniamkia vizuri, akasubiri nimpime, halafu akauliza kwa adabu zote, "Mama, hapa pembeni ulinyoa?" Sikuwa nimenyoa. Jioni ile nikaenda kwa kinyozi wa mtaani, nikakaa foleni na wavulana wa shule, nikamwambia atoe zote.

Nywele fupi hazina shida mpaka siku ya kuziosha. Shampuu niliyokuwa nayo, ile ya chupa kubwa ya saluni, ilinikausha kichwa mpaka nikawa najikuna kwa kifutio cha penseli nikiwa kwenye mashine. Nikasema labda sabuni ya asili itakuwa mpole. Nikanunua sabuni ya mwani ya Unguja, mwani ule ambao kina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa mwili sina neno juu yake. Mpaka leo ndiyo ninayoogea, na mikono yangu iliyochubuliwa na pasi inaishukuru. Kichwani iliniharibia mwezi mzima.

Kosa halikuwa la mwani. Lilikuwa la maji. Nyumba tunayopanga ina bomba la maji ya Ruvu, na mwenye nyumba amechimba kisima kwa siku ambazo bomba linakoroma hewa tu. Waliokuwepo Dar mwezi wa Oktoba mwaka 2022 wanakumbuka mgao ule, mto ulipopungua maji tukagombania madumu. Kisima chetu maji yake ni ya chumvi na chokaa. Birika la chai limeota magamba meupe kwa ndani. Sasa sabuni ya kipande, iwe ya mwani, ya mwarobaini au ya mche wa kufulia, ikikutana na maji kama hayo povu linagoma, unapata utando. Ni ule unaoganda ukingoni mwa beseni la kufulia. Kwenye ngozi unateleza na maji. Kwenye nywele za kipilipili unajishikiza kila mkunjo, na zikikauka unaona kama umepakwa nta iliyochanganyika na vumbi. Halafu sabuni yoyote ya kipande huzaliwa kwa mafuta na soda kali, kwa hiyo hubaki na ukali wa magadi, pH yake (kipimo cha uchachu na ukali) 9 mpaka 10, wakati ngozi ya kichwa inapenda uchachu kidogo, kwenye 5 hivi. Wanasema usuuze kwa siki, kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji. Inasaidia, nilifanya. Wiki mbili nilinukia kachumbari, wateja wakawa wanauliza kama kuna mishikaki.

Ndipo mama mkubwa akanipigia simu kutoka Pangani kwa jambo jingine kabisa, la shamba, nami nikamlalamikia. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, kabla ya hizo chupa zenu mlidhani sisi tulikuwa tunanuka?" Akanieleza kwamba bibi alikuwa akichuma majani kwa safari mbili: ya kikapu, na ya kwake mwenyewe ya Alhamisi jioni. Nikamwambia, mama, yale ni ya maiti. Akanikata: mkunazi haukuletwa kwa ajili ya maiti, mbona wanawake walioulizia namna ya kuoga wakimaliza hedhi waliambiwa na Mtume wachukue maji na mkunazi? Maiti anaoshwa kwa kitu kizuri alichokuwa akiogea hai. Nikakosa jibu. Yeye ana miaka sabini na nne na nywele zake zinafika mabegani.

Dar mkunazi wa kuchuma hauko mlangoni kwangu, kwa hiyo nikaenda Kariakoo kwenye maduka ya dawa za Kiarabu, yale ya habasoda, ubani, udi na asali. Unga upo, wa kufungwa hapa nyumbani na wa kutoka Oman na Yemen wenye jina la sidiri. Mti wa kule si uleule wetu, ila ni ndugu wa damu, na kwa kazi ya kuosha sikuona tofauti ya maana. (Asali ya nyuki wa mti huohuo wa Yemen ipo rafu ya juu, nyuma ya kioo. Niliuliza bei, nikaaga.)

Duka la kwanza sitalitaja. Nilipewa paketi isiyo na maandishi, unga wake wa kijani kinachowaka kama kanga mpya. Nikapaka, nikakaa nusu saa, nikaosha. Kwenye kioo mvi zangu zote zilikuwa za rangi ya chungwa, na kucha pia. Ilikuwa hina, au mkunazi uliotiliwa hina kwa wingi. Mume wangu akauliza harusi ni ya nani na mbona hajaalikwa. Niliporudi dukani kijana akanitazama kwa upole: "Bi mkubwa, si zote za kichwa?" Paketi ikaishia jaani. Mvi zilichukua miezi kutulia.

Tangu hapo sinunui bila kujaribu, na muuza duka akikataa nijaribu naondoka. Unga mzuri wa mkunazi haung'ai. Una kijani cha kufifia kinachokaribia kahawia, kama mlenda mkavu. Unatia kijiko kwenye bilauri ya maji, unakoroga kwa nguvu kwa uma. Lazima utoe povu, dogodogo na jeupe, maana majani yenyewe yana kitu cha kutoa povu kama sabuni, na maji yawe na uteute wa kuteleza vidoleni. Unaiacha dakika tano. Mchanga ukiwepo unashuka chini unauona. Paketi moja niliyoipima ilikuwa na mchanga wa kutosha kusugulia sufuria. Mwisho natumbukiza kipande cha bafta nyeupe, mabaki ya kazini. Kikitoka na ukingo wa rangi ya chungwa, ni hina. Duka ninalonunua sasa, upande wa Mtaa wa Mkunguni, mzee wake alicheka mara ya kwanza aliponiona natoa bilauri kwenye mkoba. Siku hizi ananitolea maji mwenyewe. Paketi ya gramu 200 ananiuzia shilingi 6,000, nami naosha mara nne au tano kwa nywele zangu zenye urefu wa kidole.

Kuhusu kuosha kwenyewe, paketi ina maelezo mafupi yenye makosa. Inakwambia changanya na maji upake. Ukifanya hivyo utatembea na vipande vya majani kichwani mpaka Ijumaa. Mimi natia vijiko vitatu vya mezani kwenye bakuli, maji ya uvuguvugu, nakoroga mpaka povu lisimame, naacha dakika kumi, halafu nachuja kwa kitambaa cha voili kilichokunjwa mara mbili. Chujio la chai halitoshi. Kinachotoka ni kimiminika cha kuteleza kama bamia. Nagawa nywele mafungu manne, namimina kwenye ngozi, nasugua kwa ncha za vidole bila kucha, nakaa dakika tano na kusuuza. Usitegemee lile povu la matangazo linaloteremka mpaka mabegani. Wiki za mwanzo nilikuwa nadhani sijaosha kitu.

Nimeosha. Kwa maji ya kisima na kwa maji ya Ruvu, nywele zinatoka safi bila utando, na hapo ndipo unga huu ulipoishinda sabuni ya kipande kwangu. Muwasho ulikwisha kabla mwezi wa pili haujaisha. Mba imepungua, haijahama. Kuchana nywele mbichi, ambako zamani kulikuwa vita ya kitana na machozi, sasa ni kazi ya dakika chache kwa sababu ya ule uteute. Kama ningeulizwa kwa nini sirudi kwenye shampuu, ningejibu hilo la kuchana, mengine yafuate.

Na nywele za pembeni? Kila mtu ananiuliza hilo. Upande wa kushoto zimerudi, laini kama za mtoto. Kulia zimerudi nusu. Palipobaki ngozi imekuwa ya kung'aa na sidhani kama pataota tena. Lakini mkunazi nisiupe sifa isiyo yake. Niliacha dawa na niliacha kuvutwa siku moja, na nadhani hizo mbili ndizo zilizofanya kazi. Muuzaji yeyote anayekwambia unga huu unaotesha nywele, mwombe akavue kofia kwanza.

Kuna jambo ambalo mkunazi hautaliweza: mafuta ya mgando na zile pomedi nzito. Unatoa jasho, vumbi na mafuta mepesi, basi. Ilinibidi nibadilishe na mafuta, nikarudi kwenye ya nazi. Mama mkubwa hupika tui mpaka mafuta yajitenge na makapi yawe ya kahawia, anayachuja kwenye chupa za maji na kunitumia mbili kwa mwaka. Alfajiri za Julai, hata hapa Dar, huganda chupani yakawa meupe. Mume wangu mara ya kwanza alidhani yameoza. Napaka usiku kabla ya kuosha, si baada. Kupaka kabla kuna sababu: watafiti wa India walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kupoteza protini wakati wa kuoshwa, kuliko mafuta ya alizeti. Nilifurahi sana nilipolijua hilo, mpaka nilipojua pia kwamba watafiti wenyewe walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Naendelea kupaka. Nywele zinazokatika kwenye kitana naziona kwa macho yangu, ni chache.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikahamia na kwapani. Shabu, lile jiwe jeupe linalofanana na barafu, nilinunua duka hilohilo kwa shilingi 1,000. Unalilowesha, unapitisha, basi. Jasho linatoka kama kawaida. Kinachokoma ni harufu. Nimelipima kwa kipimo halisi, daladala ya saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari nikiwa nimeshika bomba la juu, na lilinistahi. Likianguka sakafuni linapasuka na kuwa na ncha za kukata, kwa hiyo nalihifadhi kwenye kikopo cha plastiki. Usilipitishe ukiwa umetoka kunyoa, utaimba. Na wale wanaolinadi kwamba halina aluminiamu kama zile dawa za kwapa za kopo wanasema uongo; shabu ni chumvi ya aluminiamu. Mimi hainisumbui, ila mtu asiuziwe hofu halafu auziwe kitu hichohicho kuwa dawa ya hofu.

Malalamiko yangu juu ya mkunazi ni mengine. Kwanza maji. Kwa shampuu nusu ndoo ilinitosha. Huu unataka ndoo nzima ya lita 20 na wakati mwingine zaidi, na siku za mgao naahirisha. Pili muda: kuanzia kukoroga mpaka kusafisha bafu ni dakika hamsini, na bafu lazima ulisafishe mara moja, la sivyo kuna ukoko wa kijani kwenye vigae. Tatu, maji yaliyochujwa hayalali. Niliyaacha usiku mmoja mezani nikidhani nimejirahisishia kesho. Asubuhi yalikuwa yamechacha, nyumba nzima inanukia zizi. Nne, taulo. Chagua moja la zamani uliachie kazi hiyo.

Binti yangu yupo chuo, anakaa hosteli, nikampelekea paketi. Alinipigia baada ya wiki: "Mama, huku tuna ndoo moja watu wanne, na bafu lina foleni. Hiyo mambo yako ni ya mwenye nyumba." Ana haki. Mwenye dredi ndefu pia simshauri, chembe zitakazobaki ndani hatazitoa. Na aliye na vidonda kichwani aanze kwa daktari wa ngozi.

Na harufu. Kwa mtu wa bara unanukia majani makavu na chai kidogo, haina tatizo. Kwa watu wetu ni hadithi nyingine. Nilijaribu kuificha kwa matone ya mafuta ya mkaratusi, nikanukia maiti aliyekuwa na mafua. Nilijaribu asmini ya mjini, ikawa maiti wa harusini. Sasa naiacha. Nikikauka vizuri na kufukiza udi kidogo, kesho yake haipo. Siku ninayojua wageni wanakuja siichagui kuosha. Wifi, nashukuru, alikula pilau siku ile, ila alikaa kiti cha mbali.

Kama ni nyota, unga wa paketi naupa tatu kati ya tano, kwa ajili ya mchanga, maelezo mabovu na kamari ya hina. Majani yenyewe, makavu na mazima, ya kutwanga nyumbani, ningeyapa nne na nusu, na ndiko ninakoelekea. Mwezi uliopita mama mkubwa alianika kivulini, akajaza nusu kiroba, akampa dereva wa basi la kuja Dar. Nilikwenda kukipokea kituo cha Magufuli, Mbezi. Konda akafungua buti, akakiinua kiroba, akanusa, akabadilika uso. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Poleni sana, mama."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaosubiri mizigo yao, na maelezo yangu ni marefu. Nikakipokea. "Ahsante mwanangu, tumeshapoa."